Mutu wa Kuambiwa

Zawadi, siku nilipoacha kazi uliniletea hii kaye na biki mbili, ukasema: Koko Vumi, andika vile kazi ilikuwa, juu siye wenye tumebaki hatujui mambo mingi. Basi naandika. Nimesoma mpaka mwaka ya tatu ya primeri tu, usitafute virgule na nukta fasi nzuri. Majina ndiyo najua. Nitafuata njia vile ilikuwa, na kuna fasi moja nitachelewa kufika, juu mpaka leo mukono yangu haipendi kuiandika. Lakini ile fasi ndiyo sababu nimekubali hii kaye.

Wakati nilianza, parkingi ya magari ya kwenda Kilo na Bogoro ilikuwa kiwanja ya vumbi tu kando ya barabara, na nyuma yake miti ya eukaliptusi. Ile miti ndiyo ilikuwa choo, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mutu mwenye kusafiri sana alikuwa na muti wake. Hakuna mwenye alijenga kile kiwanja. Mashofere walisimama pale siku moja, kesho wakarudi, ikawa yao. Chefu alikuwa Muzee Mugisa, mwenye aliendesha lori miaka mingi mpaka goti moja ikakataa. Miye nilikuwa nauza chai na mandazi, mujane tayari, na watoto nyumbani.

Siku ya kwanza ya kazi sikujua kama ni kazi. Mvua ilipiga lista ya wasafiri, wino yote ikatoka, na pale bariera askari hawakubali gari ipite bila lista. Muzee Mugisa alikuwa anatukana mawingu. Gari imejaa, na hakuna mwenye anataka kushuka aandikwe upya, anaogopa fasi yake itakamatwa na mwingine. Nikasema miye niko na majina. Nikaanza mbele kwa shofere, nikaenda mpaka nyuma: Batumike, Asumini, Jeanine na mutoto yake Glori, Muzee Lobo, Kasereka, wote kumi na nane. Sikufanya akili yoyote. Mutu akikunywa chai yako, wenzake wanamwita, unasikia, basi. Muzee Mugisa akaniangalia vile mutu anaangalia mbuzi yenye imesema bonjour.

“Na ule wa kofia?” akaniuliza.

“Ni Dieudonne. Hakununua kitu.”

Kesho yake akanipa kaye. Vyombo ya kazi ilikuwa hiyo kaye, biki yenye nilifunga na kamba ku shingo juu biki ya parkingi inapendwa na kila mutu, filimbi, na bidon ya mafuta yenye Muzee Mugisa alikata chini. Unaingiza mudomo unaita, sauti inafika mpaka ku eukaliptusi na mutu anatoka kule anafunga mukaba. Muzee alinifundisha kuandika pole pole, herufi kubwa kubwa, na kusoma lista kwa sauti mbele gari haijawaka. Mutu akisikia jina yake anaitika. Lakini haitiki “niko”. Anataja jina ingine: mutu wake wa kuambiwa.

Hiyo kitu haikutoka ku serikali wala ku kanisa. Zamani ya lori, Muzee Mugisa alibeba mwanaume mumoja mwenye alikata roho njiani, homa tu, amekaa palepale juu ya magunia. Hakuna mwenye alimujua. Muzee aliendesha na ule marehemu siku mbili, kila kijiji anasimama anauliza, huyu ni wa nani, na kila kijiji wanaangalia wanasema si wetu. Mwisho alimuzika kando ya barabara. Tangu pale akaapa kama hatabeba tena mutu bila kujua nani atamulilia.

Kwa hiyo kila asubui naita Kasereka, naye anajibu: Masika, muke yangu, Shari, nyuma ya mashini ya unga. Mashofere wageni walikuwaka wanacheka, kisha wanazoea. Asumini siku moja alitaja jina ya mukewenza yake. Nikamuuliza mbona huyo, na munagombana kila siku. Akaniambia: “Koko, huyo ndiye atalia kweli. Nitakuwa nimemwachia watoto wote.”

Kazi ya pili ilikuwa kwenda kuambia. Haikuja mara mingi, Mungu asifiwe, lakini ilikuja: ajali, ugonjwa, na ile miaka mibaya ya barabara yenye sitaandika hapa, munaijua wenyewe. Muzee Mugisa alinipeleka mara ya kwanza, anachechemea mbele yangu. Alinifundisha nisisemee ku mulango. Unaingia, unaomba maji, unakaa chini, unakunywa. Mutu akiona mwenye parkingi amekaa kwake anakunywa maji, roho yake inaanza kujua yenyewe, na mwili inajitayarisha. Kisha unataja jina mara moja, bila kuzunguka. Usiseme kuna shida kidogo. Haiko kidogo.

Muzee alikufa ku kitanda yake. Nilibaki na bidon.

Kisha mji ikakuja. Walileta karatasi yenye kusema mji yenyewe iko na haki ya kujenga fasi ya magari na kuiongoza, siyo shirika ya mashofere, siyo mutu binafsi. Mukutano ilifanyika palepale ku kiwanja, watu wamekaa juu ya magunia. Jozefu, shofere wa Kilo mwenye mudomo kuliko wote, akauliza mji iko na magari ngapi. Hakuna. Iko na mashofere ngapi. Hakuna. Basi mji itaongoza nini, vumbi? Watu wakacheka sana. Ajenti wa mji alikuwa kijana anaitwa Batsi, shati yake imepigwa pasi mpaka ku mikono. Hakucheka, hakukasirika.

“Baba Jozefu,” akasema, “leo mutu akipotea ku hii parkingi, jamaa yake inauliza nani? Inakuuliza weye, na weye uko Kilo. Parkingi ikiwa ya mji, mji ndiyo itaulizwa.”

Miye nilikuwa nyuma na bidon yangu, nikawaza: kumbe mpaka sasa wanauliza miye.

Mji ikajenga. Simenti, hangari ya mabati, benchi, gishe mbili za dirisha ya chuma, na choo ya matofali. Choo ilikuwa nzuri sana. Ufunguo yake alipewa Faustin, na Faustin alikuwaka anafika saa ine, wakati magari inaondoka saa mbili. Kwa hiyo watu waliendelea kujua kila mutu muti wake.

Kuna wenye walisema ajenti wa gishe lazima awe na diploma. Batsi akaandika barua, sikujua aliandika nini, lakini nilibaki, ku gishe ya Kilo. Kijana ule alikuwa na heshima. Kama munasikia watu wanasema vijana wa bilo, wale wa karatasi, hawana moyo, waambieni Koko Vumi amekataa.

Akaleta fishi, ndiyo hizi karatasi za kuchapa: namba, jina, gari, fasi anakwenda. Mustari moja kwa mutu mumoja. Nikamuuliza, mutu wa kuambiwa anaandikwa wapi? Batsi hakujua ni nini. Nikamweleza. Akafikiri, akasema ni kitu nzuri, niandike barua fupi, hata mistari mbili, yeye ataipeleka ili wachape fishi upya na mustari ya pili.

Sasa musome hapa vizuri, juu kosa ilizaliwa hapa. Sikuandika ile barua. Nilimwambia acha tu mwanangu, hayo yote iko mu kichwa yangu. Na nilifurahi. Niliona hivi: ile mustari ikiwa ku karatasi, kila mutu mwenye diploma atafanya kazi yangu. Ikibaki mu kichwa yangu, watanitafuta mpaka nizeeke. Tangu pale jina naita kwa sauti, lakini mutu wa kuambiwa namuuliza ku sikio. Zawadi, weye ulikuwa umefika karibuni, ku gishe ya pili ya Bogoro. Uliniuliza mbona naongea na wasafiri ku sikio. Nilikujibu ni salamu ya wazee. Ilikuwa bongo, uongo tu. Nilikuwa nakunyima kazi.

Ile asubui ilikuwa musimu ya mvua. Gari ya Jozefu, ya kwenda Kilo. Namba saba ku fishi ilikuwa Neema, binti ya Mama Lotsove wa Shari, mwenye alikuwaka anapeleka nguo za watoto kuuza kule. Nikamuuliza ku sikio kama kawaida. Akacheka.

“Koko, kila wiki unaniuliza. Ni mama. Wiki ijayo atakuwa bado mama.”

Kisha nikatoka, juu nyuma ya hangari Jozefu na shofere wa Bogoro walikuwa wanashikana mashati kwa fasi ya kusimamisha gari. Nilichelewa pale. Wakati huo mwanamuke mumoja alifika anatoka hospitali, amechoka, dawa mu mukono, anataka kufika kwa bwana yake Kilo siku ileile. Gari imejaa. Neema akamwonea huruma akamupa fasi yake. Mufuko ya nguo ilikuwa imefungwa chini ya mizigo yote, haiwezi kutoka, basi Neema akamuomba yule mama aiache ku duka fulani ya Kilo. Walienda pamoja ku dirisha. Batsi, mwenye alibaki fasi yangu, akakata jina ya Neema, akaandika juu yake: Dorika. Neema akapanda gari ya Bogoro, aende kumuona mama mudogo yake mwenye alikuwa amezaa, na weye, Zawadi, ukamuandika ku lista yako bila kumujua bado. Miye nilirudi nikapiga filimbi, gari ikaondoka. Sikusoma lista tena. Nilikuwa nimeisoma.

Unaona? Karatasi mbili zilisema ukweli, na kichwa moja ilisema uongo.

Muchana motari mumoja akafika na pikipiki yake, amejaa matope. Gari ya Jozefu iliteleza ku daraja ya miti, ikaanguka mu muto. Jozefu amevunjika mukono, hasemi. Watu watatu wamekufa: muzee mumoja, kijana mumoja, na mwanamuke wa kona ya nyuma. Motari alisema nguo za watoto zimetawanyika mu maji yote. Nikasema palepale: Neema.

“Mama Vumi, ngoja niangalie fishi,” Batsi akasema.

Nikamujibu: “Fishi haijui watu. Nakwenda mbele simu haijafika.”

Nikapanda pikipiki. Batsi aliniamini. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika ile badiliko, lakini asubui ile aliandika watu wa magari mengi, na palepale wakamuita apande gari kwenda kuleta wenye waliumia. Kopi yetu ya fishi ikabaki mu sanduku ya meza.

Mama Lotsove alikuwa anachagua maharagwe mu sinia. Nikaomba maji. Nikakaa. Nikakunywa. Akakamata kikombe ku mukono yangu, akauliza kama ni gari ya Jozefu. Nikasema ndiyo. Akasema, “Taja.” Nikataja. Hakupiga kelele. Akarudi ku sinia yake, akaendelea kuchagua, anatoa mawe na maharagwe mazuri anatupa pamoja.

Mwili ilifika imefungwa tayari, na ku hospitali walikataza kufungua. Mama Lotsove aliomba aone miguu tu. Wakakataa. Akanigeukia miye, akaniuliza kama ni yeye kweli. Nikamwambia: “Mama, ni yeye. Niliita jina yake miye mwenyewe.” Basi hakuuliza tena. Miaka yote watu waliamini majina yenye ilitoka mu mudomo yangu, na siku ile pia waliamini. Tulizika kesho yake. Waliandika Neema ku musalaba.

Siku ya tatu ya kilio, Neema akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yao, na kitawi ya ndizi ku kichwa, anauliza nani amekufa. Nyumba yao ilikuwa na simu moja tu, na ilibaki kwa mama yake. Wanawake wengine walikimbia. Mama Lotsove akasimama, akamupiga kofi, kisha akamushika, na wote wawili wakaanguka chini juu ya ndizi. Furaha ya ile nyumba siwezi kuiandika. Watu waliimba. Miye nilibaki nimeegemea ukuta, nauliza mu roho: kama Neema ni huyu, siye tulizika nani?

Nilikwenda parkingi na miguu. Batsi alikuwa amerudi. Akatoa fishi, akaniwekea mbele. Namba saba: Neema, imekatwa. Dorika. Basi. Hakuna kartye yenye alikaa, hakuna bwana, hakuna dada.

Nikamuuliza: “Mutu wake wa kuambiwa ni nani?”

Akajibu pole pole, na najua haikuwa ya kuniumiza: “Mama, tulisema hiyo iko mu kichwa yako.”

Siku ya ine akakuja mwenyewe. Jina yake Ngabu, muchimba dhahabu wa Kilo, viatu yake bado na udongo nyekundu ya shimo. Alikuwa amengoja kando ya barabara kule siku tatu, kila gari anaangalia. Simu ya muke yake ilikuwa haiingie, akafikiri ni rezo imekatika. Aliposikia mwishowe habari ya daraja, aliuliza majina ya waliokufa, na hakusikia Dorika, akafurahi. Hiyo aliniambia baadaye, na ningependa asiniambie. Alikaa ku benchi mpaka magari yote yakaondoka, kisha akakaribia dirisha, akasema anatafuta muke yake, alitoka hospitali, na watu wamemwambia ku parkingi wanajua.

Batsi akasimama ajibu, juu alikuwa amesema mji ndiyo itaulizwa. Nikamukalisha. Nikatoka nje, nikamuomba muuza maji kikombe, nikakaa ku benchi kando ya Ngabu, nikakunywa. Alikuwa hajui maana yake. Aliniangalia tu kama mama muzee mwenye kiu. Nikasema: Dorika, muke ya Ngabu, amekufa ku daraja.

Kisha akauliza yuko wapi. Nikasema amezikwa. Akauliza na nani. Nikasema na watu wa Shari, wenye hawakumujua.

“Walimulilia?”

“Walimulilia siku tatu. Kuna mama mwenye hakukula.”

“Kwa jina gani?”

Nikamwambia. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Tulienda ku makaburi, yeye, miye, Batsi na kopo ndogo ya rangi nyeusi. Mama Lotsove alikuwa amefika mbele yetu na binti yake Neema. Alimwambia Ngabu: “Baba, nililia huyu, siyo mwingine. Machozi ilikuwa yake. Jina tu ndiyo ilikosa.” Ngabu akamushika mikono yote mbili. Batsi akafuta musalaba, akanipa brosi. Nikaandika Dorika, herufi kubwa kubwa, na R ya katikati iko mubaya, mukipita mutaiona. Ngabu hajui kusoma. Akaniomba nimusomee. Nikasoma. Akaniomba tena. Nikasoma tena.

Kesho yake akarudi Kilo. Gishe ilikuwa yangu, na kazi ni kazi. Nikaandika Ngabu. Nilitaka kuruka ile swali, ulimi ikakataa kuiruka. Nikamuuliza mutu wa kuambiwa.

“Alikuwa yeye,” akasema.

Watu nyuma yake walikuwa wanasukuma. Akaangalia gari, akaangalia ile biki yangu.

“Andika weye.”

Sijui kama ilikuwa kunisamehe ao kunifunga. Sikumuuliza, na hakuniambia. Niliandika jina yangu kando ya yake, nje ya mustari, juu mustari ya pili haikuwa bado. Siku ileile niliandika ile barua ya Batsi. Ilichukua siku nzima na karatasi tatu, na wakachapa fishi upya. Zawadi, ninyi mulizikuta hizi fishi za mistari mbili mukafikiri zilikuwaka hivyo tangu zamani. Hapana. Ile mustari ya pili ni ya Dorika.

Ngabu anasafiri bado. Kila anapopita, mustari yake ya pili ni ileile. Tunasalimiana, anauliza watoto, nauliza kikohozi yake, anapanda. Wengi wa wachimbaji wa umri wake wamekufa, na ile kifua yake siipendi.

Sasa miye siko tena ku gishe, na ndiyo maana nimeandika. Nakaa Shari, unapita mashini ya unga, unaingia njia ya mukono ya kushoto, nyumba ya tatu, mulango ya bluu yenye haifungi vizuri. Siku ya Ngabu ikifika, Zawadi, usinipigie simu. Angalia fishi kwanza, soma namba, soma jina, hata kama unamujua, zaidi kama unamujua. Kisha kuja. Na kama ni miye nimetangulia, Ngabu akifika ku dirisha umwambie, umuulize upya nani aandikwe. Akisema hana mutu, usiache mustari wazi. Andika jina yako.